Sindano ya Moto Ilikaa Chini

Mti uliomuua Fundi Sindano ulikuwa umelala pale pale ulipoangukia, na juu ya shina lake alikaa askari wa zamu, anakula ndizi.

"Umekalia nini?" Inspekta aliuliza.

"Mti, afande."

"Hicho ni kielelezo cha kesi ya mauaji. Na hayo maganda, ya marehemu?"

Askari aliruka kama aliyekalia siafu. Koplo, mwanamke mfupi aliyezoea kufuatana na Inspekta bila kuachwa nyuma, aliyaokota maganda na kumkabidhi mwenyewe. Kituoni walimwita Inspekta Koleo, kwa kuwa alichokibana hakukiachia. Walimwita hivyo akiwa mbali.

Kwa maneno ya Mkuu wa Kituo, kesi ilikuwa imekwisha. Shamba hili la miti lilikuwa na fundi wa kupima maji yanayopanda ndani ya mashina, na kwa kuwa kutwa alikuwa akichomeka vipimo mitini, watu walimwita Fundi Sindano. Siku ya kwanza aliporudi kutoka likizo, aliinama mbele ya mti mmoja wa vipimo, upepo ukavuma, mti ukakatika na kumlalia. Penye mvunjiko palionekana njia ya msumeno. Basi polisi wakatafuta mtu mwenye msumeno, na hawakuchoka miguu: mume wa dada yake marehemu alikuwa mpasua mbao. Tena mashemeji hao walikuwa wamegombana mbele za watu siku walipomzika mama yake Sindano, wakigombea nyumba aliyoiacha. Msumeno upo, ugomvi upo, mtu yupo. Alasiri Mpasua Mbao angepandishwa kortini kwa kosa la kuua.

"Siku mtu akizama," Inspekta alisema, "tutamkamata muuza maji."

Koplo hakucheka. Asubuhi ile wote wawili walikuwa wamepita mbele ya benchi la kituo, na dada wa marehemu alikuwa amemshika Inspekta mkono wa koti.

"Kaka yangu nimemzika," alisema. "Mume wangu mmemfungia humu ndani. Nambieni tu, afande, kama zamu yangu nayo inakuja, nikafunge mlango wa nyumba."

 Inspekta alichukua ufunguo wa gari akaja msituni.

Sasa alipiga magoti penye mvunjiko. Nusu ya shina ilikuwa imechanika nyuzi nyuzi kwa uzito wake yenyewe. Nusu nyingine ilikuwa laini, imekatwa. Alitoa kitambulisho chake cha kazi na kukiingiza kwenye sehemu ya njia ya msumeno iliyobaki kwenye kisiki. Kiliingia kwa shida, kikabana.

"Msumeno wa Mpasua Mbao uko wapi?"

"Stoo ya vielelezo," Koplo alisema. "Wa injini. Mnyororo wake unakula unene wa kidole."

"Na huu hapa hauli hata unene wa ukucha. Ni msumeno mwembamba wa mkono, wa kupogolea matawi. Aliyeandika kwamba misumeno hii 'inalingana' alipima kwa nini? Kwa njaa?"

"Aliandika akiwa ofisini, afande."

"Ndiyo maana mwandiko ulikuwa mzuri."

Shina lilikuwa limevikwa karatasi ya foili inayong'aa, kutoka usawa wa goti hadi kifuani. Foili nayo ilikuwa imechanika pale mti ulipovunjika. Inspekta aliukunjua ukingo wake polepole, akaupitisha baina ya vidole. Ulikuwa umeraruka ovyo kama gazeti lililovutwa na watoto wawili. Meno ya msumeno hayakuugusa.

"Koplo, ungekuwa na kinyongo na mtu, ukaja hapa kuukata mti wake, ungeivua kwanza foili, ukate, halafu uivike tena na kuibana kwa selotepu?"

"Ningekata na foili yake na kukimbia."

"Basi huyu hakuwa na haraka wala hakuogopa kuonwa. Marehemu alikutwa na nini mkononi?"

"Kipande cha selotepu, afande. Kimeganda kwenye vidole. Iliandikwa 'takataka'."

"Takataka," Inspekta alirudia, kama mtu anayeonja maziwa yaliyochacha. "Mtu anakufa akiwa ameshika mwanzo wa jibu, sisi tunaandika takataka."

Daktari wa Miti alifika akitembea kwa miguu kutoka getini, kompyuta kwapani, matope hadi kwenye kifundo. Alikuwa ndiye mwenye vipimo. Fundi Sindano alikuwa mtu wake. Hakusalimia kwa kirefu.

"Mnataka nini kwangu?"

"Nifundishe," Inspekta alisema. "Na unifundishe kama mtu asiyejua chochote, kwa sababu mimi sijui chochote na sitajifanya najua. Wapo wa kutosha kazini kwangu."

Daktari alimtazama mara moja, kisha akachuchumaa. Alitoa mfukoni sindano mbili za chuma, kila moja na waya wake.

"Moja ina waya mwekundu. Hii inapashwa moto kwa betri. Nyingine ina waya wa buluu, haipashwi. Unatoboa matundu mawili kwenye shina, moja juu ya jingine, na kuzichomeka. Maji yanayopanda yakipita kwa kasi, yanaipoza ile ya moto. Yakisimama, inabaki na moto wake. Tofauti ya joto baina ya hizi mbili inaniambia mti unakunywa kiasi gani."

"Kama kupuliza chai," Koplo alisema.

"Kama kupuliza chai. Na foili ni ya kuzuia jua lisilipashe shina likatudanganya."

"Na ni nani anayejali mti unakunywa kiasi gani?" Inspekta aliuliza.

"Idara ya Maji. Mto wa bonde hili unakauka. Vipimo hivi ndivyo vitakavyoamua kama miti ya kando ya mto ing'olewe au ibaki. Ikionekana inakunywa sana, shamba linapoteza nusu yake, ile nusu nzuri."

Inspekta alizinyooshea kidole sindano zile. "Nichomekee kwenye mti ule uliosimama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unajua kazi hii kuliko wote walio hai, na mimi bado sijakuondoa kwenye orodha yangu."

Daktari alikunja uso, lakini alikwenda. Alifungua foili ya mti wa jirani, na mkono wake ulisimama hewani.

Chini ya foili, upana wa kiganja chini ya sindano, msumeno mwembamba ulikuwa umepita. Njia ilikuwa nyembamba kama mstari wa kalamu, imeingia hadi ndani.

"Usisogee," Inspekta alisema. "Koplo, mtoe upande ule. Polepole. Huu nao unaweza kumlalia mtu."

Walifungua foili za miti mingine ya vipimo kwa fimbo ndefu, wakiwa upande salama. Kila mti wa kando ya mto ulikuwa umekatwa, daima upande wenye sindano, daima chini yake. Miti ya mlimani, mbali na mto, ilikuwa mizima.

"Hakuja kuua mtu," Daktari alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Alikuja kuziba mrija. Ile sehemu ya nje ya shina ndiyo inayopitisha maji; ukiikata, hayapandi tena. Sindano zilizo juu yake zinasoma kwamba mti haunywi. Mti unaonekana kama hauna haja ya mto."

"Na shina la nusu linasimama hadi siku ya upepo."

"Ndiyo."

"Mtu akiwa amekata mti nusu hajui kwamba utaanguka?"

"Hata mbuzi anajua."

"Basi tunamtafuta mtu asiyefikia akili ya mbuzi. Inapunguza orodha, lakini si sana. Sindano hizi zimekaa sawa?"

Daktari alisogeza uso karibu, kisha akarudi kwenye shina lililoanguka, akaangalia na pale. 

"Zimepinduliwa," alisema. "Zote. Ya moto huwa juu, daima. Ya baridi chini. Maji yanatoka chini yakiwa na ubaridi wake, yanapita kwanza kwenye ile isiyopashwa, kisha kwenye ile ya moto. Ukiiweka ya moto chini, maji yanabeba moto wake na kuipasha ile ya juu, na kipimo kizima kinaanza kusema upuuzi. Hapa mtu amezichomoa zisimzuie kukata, halafu akazirudisha kichwa chini miguu juu."

"Sindano angeweza kukosea hivyo?"

"Sindano? Afande, Sindano angezipanga sawa akiwa na homa, amefungwa kitambaa machoni."

"Na wewe ulikuwa hujui kwamba zimepinduliwa?"

"Mimi nakaa mjini, namba zinanifikia kule. Niliona zimeyumba. Nilimpigia simu aliporudi likizo. Nikamwambia, anza na mti wa kwanza kando ya mto." Aliutazama mti ulioanguka. "Ndiyo maana alikwenda moja kwa moja."

Koplo alitazama pembeni. Inspekta hakutoa pole. Pole za polisi ni za bei rahisi. Alisema, "Nionyeshe zilipoanza kuyumba."

Daktari alifungua kompyuta juu ya kisiki. Mstari ulipanda kila siku na jua na kushuka kila jioni, kilima baada ya kilima, kama pumzi za mtu aliyelala. Kisha siku moja mstari ulipanda hadi katikati, ukakatika, ukaanguka chini. Baada ya hapo ulitetereka kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba.

"Jua la utosi," Daktari alisema, "na mti umelala. Haiwezekani. Hapo ndipo ulipokatwa."

"Siku gani hiyo?"

Aliitaja. Koplo alishika kiuno, akaachia pumzi.

"Afande, hiyo ndiyo siku walipomzika mama yake Sindano. Kule kwao. Mchana ule ule Mpasua Mbao alikuwa ndani ya kaburi la mama mkwe wake, analichimba. Ukoo mzima ulimwona. Ugomvi wa nyumba ulianza wakinawa mikono."

"Nani aliandika habari za ugomvi?"

"Sisi."

"Kwa hiyo tuliandika kwamba siku hiyo mtu huyu alikuwa mbali, akigombana mbele ya mashahidi mia, na karatasi hiyo hiyo tukaitumia kumfunga." Inspekta alipangusa magoti. "Kuna watu wameandika ushahidi na hawajui kusoma walichoandika. Uzio huu una kufuli. Sindano akienda likizo, ufunguo humwachia nani?"

"Meneja," Daktari alisema.

Ofisi ya Meneja wa shamba ilikuwa na kiyoyozi, zulia, na harufu ya manukato yaliyomtangulia mwenyewe mlangoni. Hapakuwa na hata chembe ya udongo. Meneja alikuwa mwanamume mnene wa shati jeupe, mkono wake laini kama mkate uliolowa chai. Alimpa Inspekta mkono huo kama anayetoa sadaka.

"Karibu sana, afande wangu, karibu. Daktari, habari za miti? Msiba mkubwa huu. Kijana yule tulimpenda kama mtoto wetu."

"Jina lake nani?" Inspekta aliuliza.

"Nani?"

"Mtoto wenu."

Meneja alifungua mdomo, akaufunga, akacheka kidogo. "Sisi tulizoea kumwita Sindano. Watumishi ni wengi, unajua tena. Nasikia mmeshamkamata shemeji yake? Watu wa aina hii, afande, nyumba ya udongo tu inawatoa roho. Mimi ningekuwa nyinyi nisingehangaika zaidi."

"Ungekuwa sisi, mheshimiwa, ungefaa sana. Tunao wengi wa namna yako."

Meneja aliipokea kama sifa. Koplo alijishughulisha na kiatu chake.

Nyuma ya kiti cha Meneja, ndani ya fremu ya dhahabu, ilitundikwa picha kubwa kama mlango wa kabati. Meneja mwenyewe, suti na miwani ya jua, ameshika shina la mti kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili anamalizia kuchomeka sindano, meno yote nje. Nyuma yake wageni wanapiga makofi. Inspekta aliisogelea, mikono nyuma, kama mtu aliyeingia kwenye maonyesho.

"Picha nzuri sana hii."

"Aa, hiyo." Meneja aliinuka. "Siku ya uzinduzi wa mradi. Sindano ya kwanza kabisa niliichomeka mimi. Magazeti yote yalikuja."

"Kumbe wewe ni fundi pia! Mimi nilidhani ni kazi ya watu wa chini."

"Hapana, hapana. Kiongozi lazima aijue kazi. Vijana hawa wanaifanya ionekane ni uchawi, ili waongezewe mshahara. Ni vijiti viwili tu, afande."

Inspekta alitoa mfukoni zile sindano mbili alizozichukua kwa Daktari kule msituni. Kwenye kona ya ofisi palikuwa na kigogo cha mti kilichopigwa msasa na vanishi, pambo la wageni, kikiwa na matundu mawili ya vipimo yaliyoachwa kwa maonyesho.

"Basi nielimishe. Kichwa changu kizito. Huu mwekundu ndio wa moto. Unakwenda wapi?"

Daktari alikuwa ameegemea ukuta. 

Meneja alizichukua sindano kwa ncha za vidole na kuinama juu ya kigogo, tumbo likimtangulia. Alichomeka ile nyekundu kwenye tundu la chini, ile ya buluu juu.

"Moto unakaa chini," alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Kama jiko. Umeona wapi jiko limewekwa juu ya sufuria?"

"Hakika. Na siku zote unafanya hivyo?"

"Siku zote. Hata kwenye picha, angalia."

Waliangalia. Waya mwekundu ulikuwa chini ya mkono wake unaong'aa, wazi kama damu kwenye shuka.

"Daktari," Inspekta alisema, "mwambie."

"Ya moto huwa juu," Daktari alisema. "Siku ile ya picha tulishindwa hata kucheka. Sindano alizichomoa na kuzipanga upya kabla magari ya wageni hayajatoka getini. Hakutaka kukuaibisha. Akaniambia, dokta, tumwache mzee na picha yake."

Meneja aliangalia kigogo, akaangalia picha, akaangalia kigogo tena. Tabasamu lilikuwa bado limemganda usoni, limesahauliwa kama kufuli kwenye nyumba iliyoungua.

"Kosa dogo la kitaalamu," alisema. "Linahusu nini?"

"Linahusu miti yote ya kando ya mto," Inspekta alisema. "Imekatwa kwa msumeno mwembamba, chini ya foili, na sindano zake zimerudishwa na mtu anayeamini kwamba mti ni jiko. Katika dunia nzima, mheshimiwa, kuna watu wanaojua kuzipanga, na kuna watu wasiozigusa kabisa. Asiyejua na bado akazigusa, tena kwa kujiamini, nimempata mmoja tu. Amejitundika ukutani mwenyewe."

"Huna ushahidi."

"Siku ya kukata, ufunguo wa uzio alikuwa nao nani?"

"Mtu yeyote angeweza..."

"Nimeuliza nani."

Meneja alikaa. Kiti kililalamika chini yake. Kwa dirisha ilionekana bustani ya ofisi, na maua yaliyopogolewa kwa ustadi, na Koplo alikuwa tayari amekwisha kutoka, amesimama kwenye banda la mtunza bustani, akiinua kwa kitambaa msumeno mwembamba wa mkono. Alilinganisha kitambulisho chake na unene wa meno, akainua kidole gumba.

"Ni shamba la familia ya mke wangu," Meneja alisema. "Unajua ni nini kuwaeleza wakwe kwamba nusu ya shamba imeng'olewa kwa sababu ya namba? Nilikata kidogo tu. Miti ya mfano. Nilisema vipimo vikishapita, tutaiondoa." Alipangusa paji la uso. "Sikumkusudia. Hakuna aliyemwambia ainame pale."



"Rudia," Inspekta alisema.

"Nini?"

"Hilo la mwisho. Nataka Daktari alisikie mara ya pili, ili mahakamani asije akadhani aliota."

Meneja aligeukia dirishani.

"Aliinama kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya," Inspekta alisema. "Aliona selotepu imebandikwa na mkono usiojua, akainama kurekebisha. Kama alivyokurekebishia siku ya picha. Na alipolala chini ya mti wako, wewe ulikaa hapa, ukasikia kwamba shemeji yake amekamatwa, ukaagiza chai. Nimewakamata majambazi walioua kwa panga, wakaniambia, afande, ni mimi. Hao nilikaa nao meza moja. Wewe hata kiti hiki unakichafua."

Alitoa simu. Alipojibiwa kituoni hakujitambulisha.

"Nenda kwenye benchi la nje. Kuna mama amekaa pale tangu asubuhi. Mwambie mumewe anatoka. Hapana, usimngoje Mkuu wa Kituo. Mwambie kwanza, halafu ndiyo umwamshe Mkuu."

Kisha alipanda kwenye kiti cha wageni, akaishusha picha ya fremu ya dhahabu kutoka kwenye msumari wake, akaikumbatia kwa mikono miwili kwa kuwa ilikuwa nzito. Ukutani palibaki mraba safi kuliko ukuta wenyewe.

Walitoka nje, Meneja na pingu zake, Koplo na msumeno ndani ya mfuko. Watumishi walikuwa wamejipanga barazani, hakuna aliyesalimia. Mlangoni mwa gari Meneja alisita, akatazama kiti cha mbele, halafu akatazama fremu.

"Picha yangu mnaipeleka wapi?"

"Kortini. Ni shahidi." Inspekta aliisimamisha kwenye kiti cha mbele, akaifunga mkanda wa usalama. "Yeye atakaa hapa na mimi. Wewe nenda nyuma, na uiname. Mlango ni mfupi."